Jumamosi Zile Tulizokimbia

Mwanangu Zuhura,

Sikuulizi hujambo, maana nakusikia. Uko kwa Mama Jeni hapo jirani unasukwa nywele, na kicheko chako kinavuka ua mpaka hapa kibandani kwangu. Nimefunga kazi mapema. Baiskeli ya mwalimu imelala chali mbele yangu, gurudumu la nyuma limetoka, na mwenyewe akija kuidai nitamwambia fundi anaandika barua. Hataamini. Tangu uanze kunijua hujaniona nikishika kalamu ila kuandika saizi ya tairi.

Mambo ya neti, ya maji ya kuchemsha, ya kumwamkia kila mtu mzima utakayemkuta njiani huko Chilangala, sitakuandikia. Mama Jeni ameshakuambia mara tatu, na wewe ni muuguzi, mengine unayajua kuliko sisi. Mimi nataka kuandika habari za matembezi yetu.

Juzi ulipokuwa unapanga begi ulikaa chini ukaanza kunisimulia safari zetu za utotoni, utadhani mimi sikuwepo. Pimbi tuliowahesabu mlimani. Mabibo ya Chiungutwa. Soda uliyokunywa Newala upepo unakupeperushia gauni. Ukasema, "Baba, wenzangu walikuwa na baba wa shambani na baba wa msikitini. Mimi nilikuwa na baba wa Jumamosi." Ukasema ukizaa utawatembeza wanao hivyo hivyo. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta spana. Ulidhani nimeona haya kwa kusifiwa.

Zuhura, hatukuwa tunatembea. Tulikuwa tunakimbia, na tuliyekuwa tunamkimbia ni bibi yako, mama mzazi wa mama yako, yule uliyepewa jina lake.

Ulipokuwa na miaka kumi uliniuliza watu wa mama wako wapi. Nikakuambia walitawanyika, wengine wakavuka Ruvuma wakahamia Msumbiji, na bibi alifariki kabla hujapata akili. Nilisema hivyo huku nakaza spoku, sikunyanyua hata uso. Ilipokuja barua ya kupangiwa kazi uliisoma kwa sauti, zahanati, Chilangala, ukacheka. "Baba, si ndiko kwa kina mama? Huenda nikapata hata mtu mmoja aliyemjua." Mwanangu, utapata nusu ya kijiji. Mjomba wako Saidi, aliyezaliwa tumbo moja na mama yako, ana duka pale pale alipokuwa nalo siku zote. Hawakuhama hata hatua moja. Kesho jioni mtu yeyote wa pale anaweza kukuambia ninayokuambia sasa, na mimi nataka uyasikie kwangu kwanza.

Mama yako Rehema alifariki ukiwa na miaka minne. Ilikuwa masika, barabara ya kupanda Newala haipitiki, tukamzika hapa Masasi. Watu wa kwao walifika siku tatu baadaye, wengine wametembea sehemu kubwa ya njia, matope mpaka magotini. Hawakunilaumu hata kwa jicho. Arobaini ilipofika tukakaa, wazee wao na wa kwetu. Mila unaijua, Wamakonde kwa Wamakuwa ni moja, mtoto ni wa upande wa mama. Walisema kwa upole mtoto akae na baba yake mpaka msimu wa korosho uishe, baba naye apoe kidogo, kisha bibi atakuja kumchukua akalelewe kwa mjomba. Mzee wao akaniuliza, "Baba Zuhura, umeridhia?" Nikasema nimeridhia. Nilisema mbele ya watu, na akili zangu nilikuwa nazo.

Ningependa kukuambia kwamba mimi nililelewa kwa mjomba nikateswa, ndiyo maana niliogopa. Ingekuwa rahisi kwangu. Lakini mjomba wangu kule Chiungutwa alinilea kuliko alivyowalea wanawe. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na baiskeli ya kwanza niliyopanda alininunulia yeye. Nilijua kabisa unakokwenda ni kuzuri. Sikutaka tu uende. Nyumba ilikuwa imebakiwa na sauti moja, yako, na nilikuwa nimeshazoea kuamshwa na mtu anayenitia kidole puani.

Msimu ukaisha. Mjomba wako alikuwa anashuka Masasi Jumamosi kuchukua bidhaa za dukani, na siku hizo ndizo alizomleta mama yake. Ijumaa jioni alikuwa anapiga simu ya Mama Jeni, maana ndiyo simu pekee uani kwetu wakati ule. "Mwambie Baba Zuhura, Mama atakuja kesho kumsalimia mjukuu." Kusalimia tu. Hawakutamka kuchukua, kwa sababu watu wenye adabu hawalisemi neno hilo kwenye simu ya jirani. Wanakuja, wanakaa, wanakula, na baba mwenyewe ndiye anayemtoa mtoto na kifurushi cha nguo zake. Hapo nikaona upenyo. Nisipokuwepo hakuna wa kumtoa mtoto, na mgeni asipomkuta mwenyeji hana la kufanya ila kurudi kwao.

Kile kiti chako cha mbele ya baiskeli, cha nondo na kipande cha godoro, ambacho umekisifia miaka yote hii, nilikiunga Ijumaa ile ya simu ya kwanza kabla jua halijazama. Nilikuwa na haraka. Ukikiangalia vizuri, kiko pale darini, utaona upande mmoja nimekiunga vibaya.

Jumamosi hiyo ya kwanza tulipanda mlima wa mawe. Tulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kopo la mafuta na maji kwenye chupa. Ulipanda kwa mikono na miguu, hukutaka nikushike. Kila tulipofika kwenye jiwe kubwa ulisema tumeshafika, na mimi nikasema bado. Uliwahesabu pimbi ukafika saba, kisha ukarudia moja kwa sababu nane hukuijua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mama yako atutoke, na sitakuficha hilo.

Pale juu nikaiona barabara inayotoka stendi, na juu ya barabara nikamwona yeye. Nilimjua kwa mwendo. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa mbovu, kila hatua alikuwa kama mtu anayeinama kuokota kitu kisha anaghairi. Kichwani ana kikapu. Nawe ukamwona. Ukauliza, "Baba, yule bibi anakwenda wapi?"

"Anakwenda kwa watu wake."

"Mbona anatembea polepole?"

"Hana haraka."

Ukampungia mkono. Ulikuwa mtoto wa kumpungia kila mtu, hata wenye malori. Tulikuwa mbali, asingeweza kuona, lakini niliushika ule mkono nikaushusha. Nikakuambia tucheze mchezo, atakayeonekana kwanza na watu wa chini ameshindwa. Tukalala kifudifudi juu ya jiwe la moto, wewe unacheka, mimi namwangalia akipotea nyuma ya nyumba zetu.

Tuliporudi jioni Mama Jeni akanipa kikapu. Kilijaa ming'oko, vile viazi vya porini. Unajua kazi ya kuchimba ming'oko, unafuata kamba porini, unachimba mpaka bega liingie shimoni, na mwenye nyonga mbovu anachimba amelala ubavu. Nikaichemsha na chumvi. Ulikula mpaka ukashikwa na kwikwi. "Baba, umenunua wapi? Nunua tena." Nikasema nitanunua tena.

Basi ikawa hivyo. Salamu ikija Ijumaa, Jumamosi alfajiri tuko njiani. Siku moja tulikwenda hadi Chiungutwa kwenye mikorosho ya marehemu mjomba wangu, ukala mabibo, maji yake yakakutiririka mpaka kifuani, na lile gauni la njano halikutakata tena. Siku nyingine tulikwenda kuangalia wachonga mawe. Siku nyingine hatukuwa na pa kwenda, nikakupeleka kutazama tu trekta lililokwama, tukakaa mpaka wenyewe wakalikwamua na wewe ukawapigia makofi. Ubaya wa jambo hili, Zuhura, ni kwamba nilifurahi. Kuna saa nzima zilipita sikumkumbuka kabisa yule mama aliyekaa barazani kwangu. Halafu namkumbuka, nakuambia turudi.

Mama Jeni ndiye aliyenikabili. Alinifuata hapa hapa kibandani, mikono kiunoni. "Baba Zuhura, yule ni mtu mzima. Amekaa kwako tangu saa nne mpaka alasiri. Nimempa uji hakunywa, anasema atakula na mjukuu wake. Mimi sitapokea tena simu za watu nikawaambia uongo kwa ajili yako." Nikamwambia alee wanawe, wangu aniachie. Hatukusalimiana miezi miwili, na uani tuna choo kimoja. Leo unasukwa na mtu aliyekuwa na haki ya kunichukia.

Alitimiza neno lake. Salamu hazikufika tena, kwa hiyo safari iliyofuata bibi yako alitukuta ndani.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nakupikia chapati, na unazijua chapati zangu. Nikasikia, "Hodi." Nikageuka nikakuwekea kidole mdomoni. Wewe ukadhani ni ule mchezo. Ukaziba mdomo wako kwa mikono miwili, macho yametoka, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Hodi hapa." Kisha akashusha sauti. "Hodi, somo wangu."

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Komeo lilikuwa limekatika tangu mama yako yu hai, na mimi fundi sikuwahi kulitengeneza. Kidole kimoja kingeufungua. Lakini mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe wa kiume, hagusi hata pazia, na mimi nililijua hilo. Nilijua hata mvua imlowanishe namna gani hatausukuma. Yule mama alikuwa ananiheshimu, na mimi nikaifanya heshima yake kuwa komeo.

Chapati ilikuwa inaungua, moshi unatokea dirishani, kwa hiyo alijua tumo. Kisha nikamsikia akisema pale nje, bila hasira yoyote, "Haya, ntoto ale kwanza. Mimi nasubiri."

Akakaa barazani. Sisi tukakaa sakafuni. Sikula, wewe ulikula kimya kimya, unatafuna polepole usisikike. Sijui ilipita saa moja au mbili. Mvua ikapungua, nikasikia anajinyanyua kwa kushika ukuta, zile hatua zake zikaondoka. Ukanisogelea sikioni ukaninong'oneza, "Baba, tumeshinda?"

Nikasema tumeshinda. Hakuja tena baada ya siku hiyo.

Umewahi kunigombeza kwamba mvua ikinyesha naacha mlango wazi maji yanaingia mpaka kwenye mkeka. Nilikuambia napenda hewa. Si hewa. Mvua ikinyesha namsikia barazani, si kwa kuota, namsikia nikiwa macho mchana kweupe, anajiweka sawa ile nyonga ukutani. Mlango ukiwa wazi naona kwamba hakuna mtu. Ukiwa umefungwa siwezi kukaa. Na jina lako nalo, mwanangu. Kila nikikuita uje kula, nimemwita na yeye. Ndiyo maana nilizoea kukuita Mama, na wewe ukadhani ni mapenzi tu. Yalikuwa mapenzi, ila yalikuwa na hilo ndani yake.

Kuna jingine, na nimelifikiria sana kama nikuambie. Mtu akipiga hodi hapa nyumbani, wewe unanyamaza kwanza. Ni kitambo kidogo sana, halafu ndipo unasema karibu. Hujui kama unafanya hivyo. Nimekuona tangu uko darasa la kwanza mpaka juzi alipokuja mtu wa posta. Katika yote niliyokufundisha, hilo ndilo lililokuingia.

Sasa nikuambie habari ya soda ya Newala.

Ulikuwa darasa la pili. Asubuhi Mama Jeni akaja na simu mkononi, uso umembadilika. Bibi yako amefariki usiku, anazikwa alasiri. Hakuniuliza kitu, akasema tu, "Mvalishe." Nikakuvalisha gauni la Idi. Nilitaka kwenda, Zuhura, niamini kwa hili moja. Nilisema moyoni, nitakwenda nimweke mtoto mbele yao, wanifanye watakavyo. Basini ulikaa dirishani, gari likipanda ukaimba. Mimi nilikuwa napanga maneno.

Stendi ya Newala palikuwa na wanawake watatu wanasubiri gari la Chilangala. Wamefunga kanga kiunoni, wamejitanda nyingine, wana mchele kwenye beseni. Nikawaamkia. "Marahaba, baba," akasema mkubwa wao. "Na nyie mnakwenda nsibani kwa Bi Zuhura?"

Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Na mimi naitwa Zuhura."

Yule mama akakutazama. Alikutazama hivi, taratibu, kuanzia paji la uso. Akawageukia wenzake. "Huyu ntoto kachukua macho ya marehemu." Kisha akanitazama mimi. "Nyie wa wapi, baba?"

Maneno yote niliyoyapanga njia nzima yalikuwepo, yako hapa kwenye ulimi. Nikamwambia, "Wa Masasi, mama. Tunatembea tu."

"Haya, baba," akasema. "Tembeeni salama."

Wakapanda gari, likaondoka, na yule mama aligeuza shingo akatuangalia mpaka vumbi likamficha. Nami nilipokwisha kusema tunatembea ilibidi tutembee kweli. Nikakununulia mandazi na soda, nikakupeleka Shimo la Mungu kwa sababu ndipo watu wanapowapeleka wageni. Unakumbuka mwenyewe kuliko mimi. Ardhi inakatika, chini misitu mpaka macho yanachoka, Ruvuma kule mbali kama uzi, na ng'ambo yake Msumbiji. Ulipanua mikono upepo ukakusukuma. Ukasema huku ni mwisho wa dunia. Mimi nilikuwa naangalia jua, nahesabu, sasa wanamwosha, sasa wanamswalia, sasa wanamshusha. Uliponiuliza kwa nini nalia nilisema ni upepo.

Darasa la tano uliandika insha, Siku Nisiyoisahau. Mwalimu wako akaichagua isomwe siku ya wazazi. Ulisimama mbele, soksi zimevutwa mpaka magotini, ukasoma kwamba baba yako alikupeleka mwisho wa dunia akakununulia soda na hakukuharakisha kama siku nyingine. Wazazi wakapiga makofi. Wakanigeukia, na mimi nikapiga makofi. Halafu kwa miaka ukaniomba turudi kule, nikawa nasema barabara mbaya, nasema kazi nyingi, mpaka ukaacha kuomba.

Utaniuliza kwa nini sikukupeleka baadaye, walau ukiwa mkubwa. Kila mwaka nilisema mwakani. Mwaka wa kwanza ningeomba radhi kwa kuchelewa. Mwaka wa tano ningeomba radhi kwa kitu ambacho hakina jina. Niliogopa kwamba ukijua una watu wengine utanipenda pungufu, nikakupima kwa kibaba changu mwenyewe. Sasa naona ulikuwa na mapenzi ya kututosha sote, mimi na bibi na mjomba na nyumba nzima ile, na mimi ndiye niliyekufanya uwe na mtu mmoja tu duniani. Kama siku moja ningekufa ghafla ungebaki peke yako kwa sababu yangu, wakati nusu ya kijiji ni ndugu zako. Hilo ndilo linaloniamsha.

Wiki iliyopita nilimwendea Mama Jeni nikamwuliza kama anaikumbuka namba ya Saidi. Aliingia ndani akatoka na daftari la zamani, jalada limechanika. "Nilijua iko siku utaitaka," akasema. Nikapiga nimesimama nyuma ya kibanda.

"Haloo, nani?"

"Baba Zuhura."

"Zuhura yupi?"

"Wenu, shemeji."

Nikasikia mteja anaomba sukari. Saidi akampimia, akamfungia, akamuaga vizuri, kisha akarudi kwenye simu. "Yu hai?"

Nikamwambia yu hai, ni muuguzi, amepangiwa kwenu, atafika. Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. "Hilo si la simu." Ana haki. Halafu, nadhani hakutaka kusema lakini likamtoka, akasema, "Mama alikuwa anamshonea gauni kila Idi. Anamwita binti wa jirani aliyezaliwa masika yale yale, anampima huyo, anasema somo wangu atakuwa amefika hapa. Yapo manne sandukuni. Sasa si ya kumtosha tena."

Akaendelea, "Aje. Nitampokea mwenyewe stendi Newala. Wewe, shemeji, baki kwanza." Nikamwambia nitabaki.

Kwa hiyo unapokelewa kesho, na hutanikuta nikikusindikiza zaidi ya stendi hapa Masasi, kama utataka nikusindikize. Mtu mnene, kovu juu ya nyusi ya kulia, ndiye mjomba wako. Umwamkie kwa magoti kama mama yako angefanya.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, uisome gari likishaondoka. Nimefika hapa nimeona huko nako ni kukimbia. Kwa hiyo ukirudi kutoka kusukwa nitakupa mkononi, utaisoma mbele yangu jua likiwa bado lipo, na mimi sitashika spana wala nini, nitakaa tu. Ukitaka kunipigia kelele, piga. Mama Jeni atasikia, naye anastahili kusikia. Ukitaka kulala kwake leo, nimeshamwomba, amekutandikia. Naogopa, Zuhura. Naogopa kesho utapanda gari bila kunitazama, na kwamba nitakuwa nimekupoteza siku ile ile niliyoacha kukuficha. Lakini kukupoteza kwa kukuambia ni afadhali, maana huko utakuwa umepata watu wako.

Watakuonyesha kaburi la bibi yako, nenda. Usinibebee maneno ya kumpelekea, sina ya kutuma kwa mtu. Nenda kwa habari zako mwenyewe, umwambie kazi yako, umwambie umekua.

Halafu watakuuliza ulikuwa wapi miaka yote hii. Waambie unavyokumbuka, usifiche hata moja. Ulifurahi kweli, na kufurahi kwako hakukuwa kosa lako. Kisha watafika kwangu. Watasema maneno makali, wengine watalia wakiyasema, na mimi nakujua, utataka kuwakatiza uwaambie baba alikuwa peke yake, baba alikupenda. Waache wamalize, mwanangu. Usinitetee.

Baba yako